Kukadiria Si Kubahatisha

Yako mazoea mawili katika shule zetu yanayodhaniwa kuwa hayahusiani, nami nadai kwamba ni zoea moja lenye sura mbili. La kwanza ni la mwalimu wa hesabu, ambaye humkataza mwanafunzi kukadiria jibu kabla ya kulitafuta, kwa hoja kwamba kukadiria ni kubahatisha, na kubahatisha ni uvivu. La pili ni la mwalimu wa Kiswahili, yaani mimi na wewe, msomaji, ambaye huzifundisha namba kama kasida ya kukariri: moja, mbili, tatu, mpaka mia, kisha elfu, kisha laki, basi, akafunga kitabu na kuendelea na ngeli. Mazoea yote mawili humfundisha mtoto kuamini kwamba tarakimu haina maana yoyote ila ile iliyochapwa katika ukurasa wa majibu. Makala haya yanakusudia kuyapinga yote mawili, na kwa kuwa yanaandikwa kwa walimu wa Kiswahili, sehemu kubwa ya lawama itatuangukia sisi.

Mifano yangu nitaitoa katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, chini ya milima ya Rwenzori: Kilembe palipochimbwa shaba, na Bwera penye mpaka wa Kongo. Huko Kiswahili hakikusubiri mtaala. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba iliyopelekwa Jinja kuyeyushwa. Wachimbaji walitoka sehemu nyingi za Uganda na nje yake. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake, na lugha iliyowakutanisha aghalabu ilikuwa Kiswahili. Na huko Bwera, katika soko la Mpondwe, Mkonzo wa upande huu na Mnande wa upande ule husikilizana kwa lugha zao, maana ni ndugu. Lakini akitokea mnunuzi wa mbali, awe wa Kongo ya ndani au wa mashariki ya Uganda, Kiswahili ndicho kinachokata bei. Na bei ni hesabu. Kwa hiyo kwa watu wa huko Kiswahili kilikuwa lugha ya hesabu kabla hakijawa somo la darasani, na hapo ndipo aibu yetu inapoanzia.

Tuanze na maneno, maana ndiyo kazi yetu. Katika madarasa mengi utamsikia mwalimu akitumia kukadiria, kukisia, kudhani na kubahatisha kana kwamba ni neno moja lenye matamshi manne. Si neno moja. Kukadiria kunatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kipimo na uwezo, na nduguze ni kadiri na makadirio, hata na kadari tunayoitaja tunapoyazungumzia majaaliwa. Kukisia nako ni jamaa ya kiasi. Na yeyote aliyesoma fikihi anajua kwamba kiasi katika elimu ile ni njia ya kulipima jambo lisilojulikana kwa kulilinganisha na lile linalojulikana, kazi ya mwanachuoni iliyowekewa masharti yake. Kudhani ni kuwa na fikira isiyothibitika. Kubahatisha peke yake ndiko kunakotoka katika bahati. Basi katika maneno manne, moja tu ndilo mtoto wa kamari. Na sisi tumewatia wengine watatu katika kosa lake. Mwalimu anayemwambia mtoto “usikisie, fanya hesabu” amemwambia, kwa asili ya maneno yenyewe, “usipime, fanya hesabu”. Ajabu iliyoje!

Wala jambo hili haliishii katika asili ya maneno. Kiswahili kina sarufi nzima ya makadirio, ambayo hatuifundishi kwa sababu hatujaitambua kuwa ni hesabu. Tunasema watu wapatao elfu. Tunasema mia hivi. Tunasema mia na ushei, na ushei ule hutuambia kwamba hesabu imeipita mia lakini si kwa kingi. Tunasema haifiki mia, tukaiweka chini yake. Tunasema imepindukia mia, tukaiweka juu. Anayesema mia hivi hajui upande. Anayesema mia na ushei anaujua. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayelipwa. Mtaalamu wa hesabu huita mambo haya mpaka wa chini na mpaka wa juu, na hutumia alama maalumu kuyaandika; bibi anayeuza samaki wa Katwe huyatamka bila alama yoyote. Lakini fungua vitabu vyetu vya Kiswahili vya kufundishia wageni, utakuta namba zimepangwa kwenye jedwali kama askari kwenye gwaride, na ushei hauonekani hata kwa miwani.

Neno ninalolipenda kupita yote ni kasoro. Wengi wetu tunalifundisha mahali pamoja tu, kwenye saa: saa mbili kasorobo, saa nne kasoro dakika kumi. Baada ya hapo hulisahau. Lakini kasoro ni njia kamili ya kupiga hesabu. Mchukulie mkulima wa Kasese mwenye kilo 19 za kahawa, na bei ya siku ile ni shilingi 6,500 kwa kilo. Shule humfundisha kuandika 6,500 juu, 19 chini, azidishe kwa tisa akibeba tarakimu, azidishe kwa moja akisogeza mahali, kisha ajumlishe. Mkulima anayesimama mbele ya mizani, gunia likiwa limeshaondolewa na mnunuzi ameshaanza kuzihesabu noti, hana nafasi hiyo. Yeye husema: ingekuwa ishirini, ingekuwa laki na thelathini elfu, sasa ni hiyo kasoro kilo moja, yaani kasoro elfu sita na mia tano, basi ni laki moja, ishirini na tatu elfu na mia tano. Amekadiria na amepata jibu kamili kwa pumzi moja, na lililo muhimu zaidi, hata kabla ya kupata jibu kamili alikwisha jua kwamba haliwezi kufika laki na thelathini wala kuwa mbali nayo. Mnunuzi akimwekea 112,500 mkononi, ataziona zimepungua kabla hajazimaliza kuzihesabu.

Katika shule moja ambayo sina haja ya kuitaja nilionyeshwa daftari la mtoto aliyeulizwa 98 mara 6. Alikuwa ameandika: 600 kasoro 12, 588. Jibu ni sahihi, na njia ni bora kuliko ile ya kitabuni. Kalamu nyekundu ilikuwa imeikata mistari miwili na kuandika pembeni, “Onyesha njia”. Nadhani mwalimu yule hakuwa na ubaya. Hakuitambua njia kwa sababu imeandikwa kwa neno la sokoni, naye alifundishwa kwamba njia huandikwa kwa kubeba na kukopa. Sisi walimu wa Kiswahili ndio tuliopaswa kumwambia kwamba kasoro ni neno la Kiswahili sanifu, limo kamusini, na kwamba mtoto alikuwa ameonyesha njia yake waziwazi kwa lugha fasaha.

Wasije wakasema watu kwamba nalikuza jambo la Bwera kwa mapenzi yangu. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wanaouza bidhaa mitaani katika mji wa Recife. Walikwenda kununua kwao kama wateja wa kawaida, wakawauliza bei ya vitu kadhaa kwa pamoja na chenji inayobaki. Baadaye wakawapa watoto walewale hesabu zilezile kwenye karatasi. Sokoni walipata sahihi asilimia 98. Kwenye karatasi, hesabu zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, asilimia 37. Watoto wenyewe walikuwa watano tu, na yafaa tulikumbuke hilo. Lakini mwalimu yeyote aliyekaa katika mji wa mpakani hatashangazwa na habari ile, maana ameiona kwa macho yake. Mtoto hakuwa mjinga alipoketi kwenye dawati. Alinyang'anywa zana zake mlangoni.

Sasa nije kwenye jambo la pili la kichwa changu, ambalo ni kuhakiki. Hapa tena maneno yanatushtaki. Shuleni tunalo neno kusahihisha, na kila mtoto anajua kwamba anayesahihisha ni mwalimu, tena kwa wino mwekundu, tena kesho. Mtoto mwenyewe hasahihishi. Yeye “hufanya”, kisha hungoja. Miaka saba ya shule ya msingi humzoeza kwamba kujua kama amekosa au amepata ni kazi ya mtu mwingine. Halafu anatoka, anaajiriwa, anapewa karatasi ya mshahara, na hakuna mwalimu wa kuipitia. Methali yetu inasema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tunaipenda na kuiandika ukutani. Lakini daftari ambalo mwenyewe halihakiki hupoteza mali vilevile, tofauti ni kwamba mali hiyo hupotea ikiwa na habari zilizoandikwa vizuri kwa mistari iliyonyooka.

Tuchukue tarakimu za Kilembe penyewe. Tangu mwaka 1956 hadi uchimbaji uliposimama mwaka 1982, mgodi ule ulitoa zaidi ya tani milioni 16 za mbale, yaani mawe yenye madini, na shaba iliyokuwamo ilikuwa karibu asilimia 2. Swali: ilipatikana shaba kiasi gani? Usichukue kalamu. Asilimia moja ya milioni 16 ni laki moja na sitini elfu. Asilimia mbili ni mara mbili yake, laki tatu na ishirini elfu. Lakini hakuna tanuri linalotoa madini yote yaliyomo; mengine hubaki katika takataka. Basi jibu liwe chini ya laki tatu na ishirini, ila lisiwe chini sana. Hesabu iliyoandikwa ni tani 271,000 hivi. Inakubaliana. Kisha igawe kwa miaka 26: ni tani elfu kumi na ushei kila mwaka. Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hataweza tena kudanganywa na mtu atakayemwambia kwamba Kilembe ilitoa tani milioni tatu za shaba, au tani elfu thelathini. Na haya ni mambo ya kwao. Babu zao ndio walioyatoa mawe hayo ardhini. Kwa nini kitabu kimwulize habari ya treni mbili zinazokutana katika nchi asiyoijua, ilhali reli ya Kasese iko pale na treni zake zilikoma kuja?

Katika tarakimu hiyohiyo limo funzo jingine, na hapa nitakawia kidogo, maana ni elimu nzuri iliyosahauliwa. Wazee wa hesabu walikuwa na njia ya kuhakiki kwa kutupa tisa. Wanahisabati wa Kiislamu waliijua, na Leonardo wa Pisa, ambaye alionyeshwa tarakimu za Kihindi akiwa kijana huko Bejaia, Algeria ya leo, aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1202. Hufanywa hivi. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja. Katika hesabu yetu ya 98 mara 6: tisa na nane ni kumi na saba, moja na saba ni nane, nane mara sita ni arubaini na nane, nne na nane ni kumi na mbili, moja na mbili ni tatu. Jibu letu ni 588: tano na nane na nane ni ishirini na moja, mbili na moja ni tatu. Tatu kwa tatu. Hesabu haina dalili ya kosa. Mtoto wa darasa la nne anaiweza, na huifurahia kama mchezo.

Lakini njia hii ina tundu, na tundu lenyewe lina mafunzo kuliko njia. Mtu akiiandika 217,000 mahali pa 271,000, tarakimu zimepinduana, na jumla ya tarakimu ni kumi huku na kumi kule. Kutupa tisa hakutamshtaki mpaka siku ya kiyama. Ni nini kitakachomshtaki? Makadirio. Laki tatu na ishirini zilizokuwamo ardhini, zikatoka laki mbili na kumi na saba tu? Hiyo ni kusema kwamba theluthi nzima ya shaba ilitupwa, na mtu mwenye akili ataisimamisha kalamu na kuuliza. Kwa upande mwingine, mweka hesabu ambaye daftari zake mbili hazilingani, na tofauti yake inagawanyika kwa tisa bila baki, ana sababu ya kutafuta kwanza tarakimu zilizopinduana: 271 kutoa 217 ni 54, na 54 ni tisa mara sita. Makarani wa zamani walilijua hilo. Basi hakuna uhakiki mmoja unaotosha. Wa kutupa tisa hukamata makosa madogo ya kuzidisha na kupitwa na makubwa. Wa kukadiria hukamata makubwa na kupitwa na madogo. Mwalimu anayemfundisha mtoto mmoja tu amempa mlango wenye bawaba moja.

Najua jibu nitakalopewa. Siku hizi, watasema, kila mtu ana simu, na simu hupiga hesabu bila kukosea. Ni kweli kwamba simu haikosei. Anayekosea ni kidole. Simu haijui kwamba ulitaka 6,500 ukaacha sifuri moja; itakuzidishia 650 kwa adabu kamili na kukupa jibu lenye sura ya ukweli. Kabla ya simu, mtu aliyekosea katika karatasi aliacha nyayo, ukaweza kumfuata mpaka mahali alipopotea. Kosa la simu halina nyayo. Kwa hiyo wakati wa simu ndio unaohitaji makadirio kuliko wakati wowote uliotangulia, na mwalimu anayeyaacha kwa sababu ya simu amefanana na nahodha anayetupa nanga kwa sababu amenunua injini.

Na kubadili fedha je? Pale Mpondwe shilingi ya Uganda hukutana na faranga ya Kongo na dola ya Marekani. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba siku fulani faranga tatu ni sawa na shilingi nne. Yule mkulima wetu mwenye shilingi 123,500 anazitaka kwa faranga. Kosa linalotokea hapa mara nyingi halihusu tarakimu, linahusu upande: mtu huzidisha mahali pa kugawanya. Mwenye simu aliyekosea upande atapata 164,000 na ushei. Aliyejiuliza kwanza, “Je, faranga zitakuwa nyingi kuliko shilingi au chache?” hatakosea, maana kila shilingi nne zinakuwa tatu, laki na ishirini zitakuwa tisini elfu, na hizo nyingine zitaongeza ushei. Jibu kamili ni 92,625. Swali lile moja, linaloulizwa kwa Kiswahili chepesi, lina thamani kuliko kurasa kumi za mazoezi.

Wapo wazee ambao hawahitaji kuelezwa haya. Mwezi Mei mwaka 1987 serikali ya Uganda ilibadili fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu ya hapo ikatozwa kodi ya asilimia 30. Mwenye akiba ya 45,000 alipaswa kupata ngapi? Ondoa sifuri mbili, zibaki 450. Asilimia thelathini haifiki theluthi. Ukiondoa theluthi nzima zitabaki mia tatu. Kwa hiyo atapata mia tatu na ushei. Hesabu kamili ni 315. Aliyekuwa na makadirio hayo kichwani alisimama mbele ya dirisha la karani akiwa mtu mzima; asiyekuwa nayo alipokea alichopewa na kusema ahsante.

Mfano mwingine haukuhusu mali, ulihusu maisha. Mwezi Juni mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo ukagunduliwa wilayani Kasese, na Bwera pakawa mahali pa kuwatunzia wagonjwa. Katika kazi ya kujikinga na ugonjwa ule hutumika maji ya klorini ya namna mbili: ya asilimia 0.5 kwa kusafishia vyombo na sakafu zilizoguswa na ugonjwa, na ya asilimia 0.05 kwa kunawia mikono. Tofauti yake katika maandishi ni sifuri moja. Katika mambo yenyewe, moja ni kali mara kumi kuliko nyingine; ukiyakosea upande mmoja utaunguza ngozi za watu, ukiyakosea upande wa pili utaacha ugonjwa hai sakafuni. Sasa mpe mtu ndoo ya lita 20 na unga wenye klorini asilimia 70, umwambie atengeneze maji makali. Lita 20 za maji ni gramu elfu ishirini. Asilimia moja ni gramu mia mbili. Nusu yake ni mia moja. Lakini unga si klorini tupu, basi lazima uzidi mia moja, ila usifike mia mbili. Hesabu kamili ni gramu 143. Aliyepata 14 au 1,430 amejua papo hapo kwamba nukta imemponyoka. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba makadirio ya namna hii ni uvivu?

Nisingependa mtu afikiri kwamba udhaifu huu ni wa Afrika. Mwaka 1978 huko Marekani, katika upimaji wa kitaifa, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jumla ya 12/13 na 7/8, wakapewa majibu ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Ya kwanza ni karibu nzima moja, na ya pili ni karibu nzima moja. Jibu ni 2. Waliolichagua hawakuzidi asilimia 24. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha za juu au za chini, kama mashine, bila kuziangalia. Nchi ile haikukosa vitabu, madawati wala walimu waliosoma. Ilichokosa ni mtu wa kumwambia mtoto azitamke zile namba kwa lugha yake kabla ya kuzigusa.

Na hapo ndipo narudi kwetu. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ukakifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wenzangu wameyashangilia maamuzi hayo, nami pia. Lakini nawauliza: tunakipeleka darasani Kiswahili cha namna gani? Mtoto wa Kasese huanza shule kwa Kikonzo, na katika darasa la nne huhamia Kiingereza. Tukimletea Kiswahili cha salamu, ngeli na orodha ya wanyama, tumemwongezea lugha ya tatu ya kukariri. Tukimletea Kiswahili cha kasoro na ushei, tumemletea darasani kile ambacho mama yake anakifanyia kazi sokoni.

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili cha Bwera ni kibovu, kwamba kimechanganyika na cha Kongo, na kwamba mtoto anayesema kenda lazima asahihishwe aseme tisa. Watu hao na wafungue kamusi. Kenda ni neno la Kiswahili la tangu zamani, limo humo, na maana yake ni tisa; Kongo wamelitunza wakati pwani ilipoanza kulisahau. Tumekuwa tukikata kwa wino mwekundu hazina yetu wenyewe. Tena, hata ikiwa mtoto atasema munane mahali pa nane, mradi anajua kwamba munane mara tisini na nane haifiki mia nane, huyo amekwisha elimika kuliko yule anayetamka nane kwa lafudhi ya Unguja na kukuletea jibu la elfu saba.

Wengine husema kwamba makadirio tayari yamo vitabuni. Yamo, ndiyo. Yamewekwa mwisho wa sura, zoezi moja, “Kadiria 48 mara 21”, na kwenye ukurasa wa majibu imeandikwa 1,000. Watoto si wajinga. Hupiga kwanza hesabu kamili, 1,008, kisha huifupisha kuwa 1,000 na kuiandika kana kwamba wamekadiria. Tunawapa alama. Tumewafundisha udanganyifu mdogo, nao wamefaulu. Kosa ni la swali lenyewe, kwa kuwa limeyafanya makadirio yawe na jibu moja. Muulize kwa Kiswahili kinachotumika: haipungui ngapi, na haizidi ngapi? Mmoja atasema haipungui 800, kwa kuwa arubaini mara ishirini ni 800, wala haizidi 1,500, kwa kuwa hamsini mara thelathini ni 1,500. Mwingine atasema ni elfu na ushei, kwa kuwa hamsini mara ishirini ni elfu, na alichopunguza huku ameongeza kule. Wote wawili wamesema kweli. Wa pili amesogea karibu zaidi, naye apewe alama zaidi kidogo, baada ya kueleza kwa sentensi kamili amejuaje kwamba ni ushei na si kasoro.

Sentensi hiyo kamili ni somo letu, wala si la mwalimu wa hesabu. Inahitaji viunganishi, inahitaji kwa kuwa na ingawa, inahitaji hali ya masharti ya -nge- ambayo tunaihangaikia kwa mifano ya “ningekuwa na mabawa ningeruka”. Mwacheni mtoto wa Kilembe aseme: zingekuwa kilo ishirini, ningepata laki na thelathini elfu. Kisha mwulizeni ni ngapi zilizokosekana katika gunia.